Akaunti imeungua: kabla hujaweka dola nyingine

Akaunti yako ya kutredi kripto (kununua na kuuza sarafu za kidijitali) ikishaungua, yaani karibu pesa yote imepotea, tafakari baadaye. Kwanza fungua ukurasa wa oda zinazosubiri, yaani maagizo ya kununua au kuuza ambayo bado hayajatekelezwa, na uzifute zote. Wengi husahau hapa. Tredi imefungwa kwa nguvu na jukwaa lenyewe kwa sababu hasara imemaliza dhamana, na salio limebaki dola za kuhesabu vidoleni, lakini zile oda za kununua ulizozitega chini ya bei ili kuongezea tredi ileile huenda bado zipo. Ukiweka pesa mpya saa tano usiku kwa hasira, na bei ikashuka alfajiri ukiwa umelala, oda hizo zinaamka na kukufungulia tredi ambayo hukuipanga, tena kwa kiasi kilichohesabiwa wakati akaunti ilikuwa kubwa mara tano. Futa oda, zima roboti kama unayo, ondoa funguo za API (ruhusa ya programu ya mtu mwingine kutredi kwenye akaunti yako) ulizowapa watoa signo, wale wanaokuambia lini ununue na lini uuze, kisha toka.

Halafu wiki mbili bila kuweka pesa. Wiki mbili si namba takatifu. Ni muda wa kutosha kwa kidonda kukauka, na ni mfupi kiasi kwamba huwezi kusingizia kuwa soko litakuacha. Kama pesa iliyoungua ilikuwa ya mkopo, muda unabadilika: mkopo unalipwa kwanza, mpaka mwisho. Riba ni ya uhakika na faida ya kripto si ya uhakika, kwa hiyo anayetredi huku anadaiwa ameanza mbio akiwa nyuma.

Na kuacha kabisa ni uamuzi halali. Nasema hivyo kwa sababu maandishi mengi ya nidhamu huchukulia kwamba lazima urudi. Hakuna lazima.

Uchunguzi wa maiti

Wiki hizo mbili zina kazi. Pakua historia ya miamala yako kama faili la CSV, ulifungue kwenye lahajedwali (kama Excel). Picha za skrini hazitoshi. Kwa fyucha, yaani mikataba ya kubashiri bei bila kumiliki sarafu yenyewe, jukwaa karibu lolote la kutredi huonyesha vitu vitatu katika mistari tofauti: faida au hasara ya tredi iliyofungwa, ada ya kuingia na kutoka, na fandingi, ile ada ambayo walio kwenye longi (wanaobashiri bei itapanda) na walio kwenye shoti (wanaobashiri itashuka) hulipana, mara nyingi kila baada ya saa 8. Jumlisha kila kimoja peke yake kabla hujachanganya chochote.

Ada ndiyo huwashtua watu. Chukua akaunti ya dola 1,000 inayofungua tredi za dola 10,000 kwa levereji ya 10, yaani tredi kubwa mara 10 ya pesa iliyowekwa kama dhamana. Ada ya oda ya soko (ile inayotekelezwa papo hapo kwa bei iliyopo) ikiwa asilimia 0.05, unalipa dola 5 kuingia na dola 5 kutoka. Dola 10 ni asilimia 1 ya akaunti, imekwenda hata bei isiposogea. Tredi 8 kwa siku ni dola 80. Mtu wa namna hiyo anaweza kuwa anasoma chati vizuri kabisa na bado akamaliza mtaji ndani ya wiki mbili, kwa sababu ada hutozwa kwenye ukubwa wote wa tredi, si kwenye dhamana aliyoweka. Fandingi nayo ni hivyohivyo. Asilimia 0.01 kila saa 8 inaonekana si kitu, lakini kwa mwezi ni karibu asilimia 0.9 ya tredi, na kwa levereji ya 20 hiyo ni asilimia 18 ya dhamana. Soko likiwa moto fandingi huweza kupanda mara kumi ya hapo.

Baada ya hesabu hiyo, ongeza safu tatu kwenye lahajedwali. Ya kwanza: je, tredi ilikuwa na stoplosi (oda ya kukutoa bei ikifika kiwango cha hasara ulichopanga) tangu ilipofunguliwa? Ya pili: stoplosi ilisogezwa mbali na bei, ndiyo au hapana? Ya tatu ndiyo muhimu kuliko zote, nayo ni dakika zilizopita tangu hasara iliyotangulia. Panga tredi kwa safu hiyo ya tatu. Zile zilizofunguliwa chini ya dakika 30 baada ya hasara ziweke kundi lake, ujumlishe. Mara nyingi utakuta kundi hilo dogo ndilo limebeba sehemu kubwa ya hasara yote, na kwamba ukubwa wa tredi zake ni mara mbili au tatu ya kawaida yako. Hapo ndipo unapojua kama tatizo lako ni mbinu au ni kulipiza kisasi. Dawa zake hazifanani: mbinu mbovu inabadilishwa, lakini kisasi hakitibiwi kwa kununua kozi nyingine ya kusoma mishumaa, zile alama za chati zinazoonyesha bei ilivyokwenda kwa kila kipindi.

Hesabu ya kurudi

Ukipoteza asilimia 20, unahitaji faida ya asilimia 25 kurudi ulipokuwa. Ukipoteza 50, unahitaji 100. Ukipoteza 80, unahitaji 400, na ukipoteza 90 unahitaji 900. Watu wengi wanaijua jedwali hii, ila wanaisoma kinyume. Wanaona 400 na kusema: basi levereji iwe kubwa ili nifike. Inachosema jedwali ni kwamba kiwango cha zamani cha akaunti hakipo tena na hakifai kuwa lengo. Akaunti iliyokuwa dola 4,000 na sasa ina 800 ni akaunti ya dola 800. Hesabu zote kuanzia sasa zinatoka kwenye 800. Anayetredi akiwa na 4,000 kichwani atafungua tredi za mtu mwenye 4,000, na zile 800 hazitavumilia.

Ukubwa wa tredi, polepole

Hapa ndipo penye kazi. Watu huanza na ukubwa ("nitaingia na dola 500, levereji 20"), kisha ndipo watafute pa kuweka stoplosi. Mpangilio sahihi ni kinyume chake: kwanza chati ikuambie ni bei gani itakayothibitisha umekosea, kisha umbali wa kufika hapo ndio uamue ukubwa.

Tuseme zimebaki dola 800. Kwa anayerudi baada ya kuungua, hatari kwa tredi moja iwe asilimia 0.5, yaani dola 4. Unataka kununua ETH (sarafu ya Ethereum) kwa dola 2,500, na chati ya saa 4, ambayo kila mshumaa wake ni muda wa saa nne, inaonyesha kwamba chini ya 2,425 wazo lako limekufa. Umbali ni dola 75, sawa na asilimia 3. Gawa 4 kwa 75: unapata 0.053 ETH, kama dola 133. Sasa toa nafasi ya gharama. Ada ya kuingia na kutoka ni asilimia 0.1 ya tredi, na stoplosi ikiguswa kwa oda ya soko unaweza kutolewa kwa bei mbaya kidogo kuliko uliyoandika, tuseme asilimia 0.1 nyingine. Kwa hiyo shusha hadi 0.05 ETH, dola 125. Stoplosi ikiguswa unapoteza dola 3.75, pamoja na senti kama 25 za gharama. Jumla dola 4. Ukifupisha namba, ifupishe kwenda chini, kamwe usiende juu.

Angalia kilichotokea hapo. Tredi ni ya dola 125 na akaunti ina dola 800. Levereji haikuhitajika. Ukubwa ukihesabiwa hivi kwa stoplosi ya umbali wa kawaida, levereji inajiondoa yenyewe kwenye mazungumzo. Inarudi pale tu stoplosi inapokuwa karibu mno. Kwa stoplosi ya asilimia 0.5 na hatari ya asilimia 1, tredi inakuwa mara mbili ya akaunti. Na hapo gharama zinakula vibaya: asilimia 0.1 ya ada kati ya asilimia 0.5 ya umbali ni moja ya tano ya hatari yako, unalipa kila tredi, ushinde ushindwe. Ndiyo maana anayejijenga upya hafai kabisa kutredi mishumaa ya dakika 1. Bei inaweza kuwa upande wake, lakini ada haiko.

Kiasi hicho unachokihatarisha, hizo dola 4, ndicho kinachoitwa R. Ukipata dola 8 umepata 2R. Kuanzia hapa hesabu kila kitu kwa R na uache kutazama dola. Mbinu inayoshinda mara 40 katika 100 na kulipa 2R kila ikishinda inatoa 80R za faida na 60R za hasara: 20R kabla ya gharama. Ni mbinu nzuri, ingawa inashindwa mara nyingi kuliko inavyoshinda.

Mbinu hiyohiyo inaharibiwa kirahisi na kitu kinachoonekana kama busara, yaani kuhamishia stoplosi kwenye bei ya kuingilia mara tu tredi inapoanza kupumua. Tuseme tabia hiyo inaokoa tredi 20 kati ya zile 60 zilizokuwa ziishie kwenye hasara, lakini inatupa nje tredi 20 kati ya 40 ambazo zingefika lengo. Sasa una ushindi 20 wenye 40R na hasara 40 zenye 40R. Faida imekuwa sifuri, na ada za tredi 100 bado zinadaiwa. Kama utaisogeza stoplosi, isogeze baada ya bei kujenga kitu kipya kwenye chati, kwa mfano kilele kipya, na baada yake mahali papya ambapo bei ilishuka kidogo ikageuka. Kuona rangi ya kijani si sababu. Na isogee upande mmoja tu, ule unaopunguza hasara.

Stoplosi ni oda, na oda zina aina

Nia ya kutoka ikifika 2,425 si stoplosi. Stoplosi ni oda iliyoko kwenye seva ya jukwaa, iliyowekwa sekunde ileile tredi ilipofunguliwa. Ina mipangilio mitatu ambayo wengi hawaigusi.

Wa kwanza ni soko au limiti. Stoplosi ya limiti inasema: bei ikigusa 2,425, uza kwa 2,420 au zaidi. Bei ikiruka kutoka 2,430 hadi 2,400 bila kupumua, oda inaamka, haipati mnunuzi kwa 2,420, na inabaki imening'inia huku bei inaendelea kushuka. Stoplosi ya soko inakutoa kwa bei yoyote iliyopo. Itakuuma zaidi, ila utatoka. Kwa kujilinda, tumia ya soko.

Wa pili ni bei ipi inaiamsha. Majukwaa ya fyucha hutumia bei mbili: bei ya mwisho ya muamala kwenye jukwaa lenyewe, na bei ya alama inayokokotolewa kutoka kwenye faharasa ya majukwaa kadhaa. Kufungwa kwa nguvu hufuata bei ya alama. Stoplosi yako inaweza kufuata yoyote kati ya hizo mbili, na kwa sarafu ndogo zenye wanunuzi wachache tofauti yake ni kubwa: mshumaa mmoja wenye utambi mrefu (bei iliyoruka kwa muda mfupi ikarudi) kwenye jukwaa lako unaweza kukutoa wakati bei ya alama haikusogea. Kwa sarafu hizo alama ni bora. Kwa BTC (Bitcoin) na ETH tofauti ni ndogo.

Wa tatu ni kitufe cha kupunguza pekee (reduce-only), kinachoruhusu oda kupunguza au kufunga tredi tu, si kufungua mpya. Bila hicho, stoplosi iliyosahaulika baada ya wewe kufunga tredi kwa mkono inageuka kuwa shoti mpya kabisa bei ikifika pale. Kosa la kijinga, na ni la kawaida sana.

Dhamana iwe ya tredi moja moja, isiwe ya pamoja. Dhamana ya pamoja inaruhusu tredi moja mbovu kunyonya salio lote kabla haijafungwa, na ndivyo akaunti nyingi zinavyokwenda zote kwa usiku mmoja. Kisha pima umbali wa kufungwa kwa nguvu. Kwa levereji ya 20 dhamana ni asilimia 5 ya tredi. Kama jukwaa linataka dhamana isiyopungua asilimia 0.5 ya tredi, unafungwa bei ikisogea karibu asilimia 4.5. Stoplosi yako ikiwa kwenye asilimia 3, pengo lililobaki ni dogo mno. Nataka umbali wa kufungwa uwe angalau mara tatu ya umbali wa stoplosi. Kwa stoplosi ya asilimia 3 hiyo ni levereji ya 10 au chini, na kwa akaunti inayojijenga 3 inatosha sana.

Yote haya yana mpaka, na tarehe 10 Oktoba 2025 ilionyesha mpaka huo uko wapi. Baada ya Trump kutangaza ushuru mpya wa asilimia 100 kwa bidhaa za China, tredi za zaidi ya dola bilioni 19 zilifungwa kwa nguvu ndani ya saa 24. Bitcoin ilishuka kwa zaidi ya asilimia 10, lakini sarafu nyingi ndogo zilipoteza zaidi ya nusu ya bei kwa dakika chache, kwa sababu wanunuzi walitoweka kwenye vitabu vya oda na oda za kufunga zikawa zinauziana hewa. Stoplosi za limiti ziliachwa nyuma. Za soko zilitekelezwa mbali na pale zilipoandikwa. Na hata waliokuwa upande sahihi waliguswa: jukwaa likishindwa kufidia hasara za waliofilisika, hufunga tredi za waliokuwa na faida. Aliyekuwa ameshika longi kwenye sarafu moja na shoti kwenye nyingine akiamini zinalindana alijikuta shoti imefungwa na longi imebaki peke yake sokoni.

Kwa hiyo kila tredi ipite jaribio moja zaidi kabla ya kubonyeza: kama stoplosi haipo na bei inaruka asilimia 50 dhidi yangu, napoteza sehemu gani ya akaunti? Kwa ile ETH ya dola 125 jibu ni dola 62.50, chini ya asilimia 8 ya 800. Inauma, haiui. Aliyeweka stoplosi ya asilimia 0.5 na tredi mara mbili ya akaunti, ambaye kwenye karatasi alihatarisha asilimia 1 tu, hana akaunti tena.

Mfululizo wa hasara

Mbinu inayoshinda nusu ya tredi zake ina uwezekano wa zaidi ya asilimia 50 wa kukutana na hasara 6 mfululizo mahali fulani ndani ya tredi 100. Kwa ile inayoshinda 40 katika 100, hasara 8 mfululizo ni karibu nusu kwa nusu. Huo si mkosi, na wala haimaanishi kuna mtu anawinda stoplosi yako. Ukihatarisha asilimia 10 kwa tredi, hasara 6 zinakuachia asilimia 53 ya mtaji. Ukihatarisha asilimia 1, zinakuachia 94. Kwa 0.5 hata hazionekani vizuri kwenye mchoro.

Mipaka ninayoiona inafanya kazi ni hii: hasara ya 2R kwa siku, unafunga kompyuta, 5R kwa wiki, unarudi Jumatatu. Akaunti ikishuka asilimia 5 kutoka kilele chake, hatari inakatwa nusu mpaka irudi. Ikishuka asilimia 10, unasimama na kurudi kwenye lahajedwali. Ukifuata kweli, kufika asilimia 10 kunachukua hasara halisi kama 10 za ukubwa kamili na nyingine 20 za nusu. Hapo una ushahidi kwamba kitu hakifanyi kazi, na bado una asilimia 90 ya pesa.

Hesabu mipaka hii kwa tredi zote kwa pamoja. Longi tano kwenye sarafu ndogo tano tofauti ni tredi moja yenye majina matano, maana Bitcoin ikianguka zote zinafuatana. Kama hatari ya kila moja ni asilimia 0.5, umehatarisha 2.5. Mimi ningeweka dari ya asilimia 1 kwa upande mmoja wa soko, basi.

Kuhusu kuongeza kwenye hasara: kwa fyucha, hapana. Kwa anayenunua sarafu yenyewe na kuishika, jibu linategemea sarafu. Bitcoin iliporomoka kwa zaidi ya asilimia 80 kati ya Desemba 2017 na Desemba 2018, na kwa kama asilimia 77 kati ya Novemba 2021 na Novemba 2022, na mara zote mbili ilirudi. Sarafu ya LUNA ilianza Mei 2022 ikiwa karibu dola 80, na ndani ya wiki mbili ilikuwa sehemu ndogo ya senti. Aliyenunua kwa dola 8 kwa sababu "imeshashuka asilimia 90" aliona asilimia 90 nyingine, kisha nyingine. Sarafu haina sakafu kwa sababu tu wewe uliinunua juu.

Nidhamu ikae kwenye mipangilio

Siamini sana nguvu ya nia. Aliyepoteza tu ana mapigo ya moyo ya juu na kidole karibu na kitufe. Kumwambia atulie ni kumwambia mtu anayezama apumue polepole. Kinachosaidia ni kizuizi kilichowekwa kabla, akiwa mzima.

Kizuizi cha kwanza ni mahali pesa ilipo. Kati ya zile dola 800, weka 250 tu kwenye jukwaa, zilizobaki ziwe kwenye pochi yako mwenyewe ya kripto au nje ya kripto kabisa. Ukubwa wa tredi bado unahesabiwa kwa 800, ila ukichanganyikiwa huwezi kuunguza zaidi ya 250. Hii inakulinda na jambo jingine ambalo hakuna stoplosi inayoligusa: jukwaa lenyewe. Jukwaa la FTX lilipoomba kufilisika tarehe 11 Novemba 2022, waliokuwa na tredi nzuri na waliokuwa na mbaya walifungiwa mlango mmoja. Ondoa kadi iliyohifadhiwa kwenye jukwaa pia, ili kuweka pesa kuchukue dakika kadhaa na nenosiri badala ya mguso mmoja. Dakika hizo ni nyingi kuliko zinavyoonekana.

Kizuizi cha pili: majukwaa kadhaa yana kitufe cha kujifungia fyucha kwa siku au wiki, na ukishakibonyeza hakitenguliwi. Kibonyeze ukifika 2R. Punguza pia levereji ya juu kabisa kwenye kila jozi ya sarafu unayotredi, na ufute programu kwenye simu. Tredi zifanyike kwenye kompyuta tu. Simu kitandani ndiko tredi za kisasi zinakozaliwa.

Cha tatu ni mstari mmoja wa daftari ulioandikwa kabla ya kuingia. Kama huu: "ETH, longi, 2,500, stoplosi 2,425, lengo 2,650, kiasi 0.05, hatari dola 4. Sababu: bei imerudi kwenye ukanda wa 2,480 hadi 2,510 na mshumaa wa saa 4 umefunga juu yake. Nimekosea ikifika 2,425." Ikiwa huwezi kuandika sababu bila neno "nahisi", usiingie. Na ukijikuta umeshuka kutoka mshumaa wa saa 4 hadi wa dakika 1, au umefungua jozi ambayo hujawahi kuitazama, acha hapohapo: tangu hapo ni pata potea.

Neno moja kuhusu wanaokuja inbox. Ukilalamika popote kwamba umepoteza, ndani ya saa chache atakuja "mtaalamu wa kurejesha fedha". Pesa iliyopotea kwenye tredi haikuibwa. Imekwenda kwa waliokuwa upande wa pili wa oda, hakuna pa kuifuata. Na iliyoibwa kweli, muamala ukishathibitishwa kwenye blokucheni (daftari la pamoja la miamala ya kripto) haurudishwi na mtu yeyote mwenye kompyuta na maneno matamu. Atataka ada ya mbele, au yale maneno 12 au 24 ya siri yanayofungua pochi yako. Mfungie.

Kurudi

Kabla ya kufika kwenye ile asilimia 0.5, tredi 30 za kwanza ziwe na hatari ya asilimia 0.25, dola 2 kwa akaunti yetu. Faida haina maana yoyote kwenye hizi 30. Kinachohesabiwa ni kitu kimoja: ngapi zilifuata mstari wa daftari kuanzia mwanzo hadi mwisho, pamoja na zilizopata hasara. Chini ya 27, anza 30 nyingine kwa kiasi kilekile. Tredi iliyovunja kanuni na kuleta faida inahesabiwa kama kosa, tena kosa baya zaidi, kwa kuwa imekulipa ili urudie.

Ukivuka, panda hadi asilimia 0.5 kwa tredi 50 zinazofuata, kisha jumlisha R zote baada ya ada na fandingi na ugawe kwa 50. Tredi 50 ni chache kuthibitisha mbinu, lakini zinatosha kuona iliyo mbovu wazi. Ukipata 0.2 au zaidi, unaweza kwenda asilimia 1 na kukaa hapo. Sioni sababu ya akaunti ya mtu mmoja kuzidi hapo. Ukipata kati ya sifuri na 0.1, tazama safu ya ada kwanza, maana pengine oda za limiti za kuingilia, ambazo ada yake mara nyingi ni nafuu kuliko ya oda za soko, zingetosha kubadili jibu. Ikiwa chini ya sifuri, hatari inabaki 0.25, unabadilisha kitu kimoja tu kwenye mbinu, na unaanza kuhesabu upya kutoka tredi ya kwanza.